Kabla Mgonjwa Hajarudi Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Kiganjo, Thika. Tumeipiga chapa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kwenye shifti.)



Jumapili ndiyo siku ya pekee ambayo mfanya kazi aweza kufua nguo zake na kukaa na watoto wake, nanyi mmeitoa kwa chama. Tukisema maneno ya bure leo, mtakuwa na haki ya kutulaumu.

Tangazo la mkutano huu lilipobandikwa, wengine walicheka. Walisema: "Chama kimechoka kudai mshahara, sasa chataka kuwaonyesha wagonjwa sinema na kuwachezesha nyoka na ngazi." Ndugu, hatujachoka. Sikilizeni kwanza habari moja, halafu mtuhukumu.

HABARI YA MWENZETU

Yuko mwenzetu mmoja, fundi wa mashine, mtu wa miaka mingi kazini. Hatutaji jina lake, wala kampuni yake, wala hospitali aliyolazwa, kwa maana hatukuja hapa kumshitaki mtu. Alishikwa na ugonjwa wa sukari akalazwa siku sita. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mkewe alizunguka tangu asubuhi kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, akitafuta mihuri na hesabu ya malipo. Ilipofika saa kumi jioni, nesi mmoja, mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake, alimpa mwenzetu bahasha tatu ndogo za dawa. Akamweleza kwa muda wa dakika tatu hivi: kula hiki, punguza kile, dawa hii hivi na ile vile, urudi tarehe fulani. Kisha akamwuliza, "Umeelewa?" Mwenzetu akajibu, "Ndiyo."

Ndugu, ni nani kati yetu angejibu hapana? Mtu amekaa kitandani siku sita. Amekwisha vaa nguo zake. Mkewe amesimama mlangoni na mfuko, na nje giza linakaribia. Wakati huo hata ukiulizwa kama umeelewa Kichina utasema ndiyo, ili mradi uende nyumbani.

Juu ya bahasha moja paliandikwa 1x3. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Yeye alisoma kwamba ni vidonge vitatu kwa mara moja. Na kwa kuwa alikumbuka kusikia maneno "asubuhi na usiku", ambayo yalikuwa ya dawa nyingine, alimeza vitatu asubuhi na vitatu usiku. Tena aliambiwa apunguze chakula, basi akapunguza sana. Usiku wa pili alitokwa na jasho, akatetemeka, akaanguka karibu na jiko. Majirani wa hapa Kiganjo ndio waliotafuta gari usiku huo. Sukari yake, iliyokuwa juu wiki iliyopita, sasa ilikuwa imeshuka mpaka karibu imuue.

Sasa tazameni upande wa mfuko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Mkataba mzuri waweza kuongeza, lakini sheria yenyewe ndiyo hiyo. Kulazwa mara ya kwanza kulimaliza siku zake za mshahara kamili. Kulazwa mara ya pili kulizila zile za nusu. Siku zilizobaki alilala nyumbani bila senti moja, na karo ya watoto ikingoja.

Basi mlioniuliza kama hili ni jambo la mshahara, jibu ni hilo. Dakika tatu za maneno ya haraka zilimkata mwenzetu mshahara kuliko bwana mkali ye yote.

KOSA NI LA NANI?

Twaomba mtu asiondoke hapa akimlaumu nesi. Nesi ni mfanya kazi kama sisi. Mwaka 2017 manesi wa nchi hii waligoma karibu miezi mitano, na katika malalamiko yao tuliyatambua yale yetu. Mtu aliyepewa wodi nzima peke yake hawezi kukaa nusu saa na kila anayetoka. Wala kosa si la mgonjwa. Kosa ni la utaratibu unaodhani kwamba neno likisemwa mara moja limekwisha ingia kichwani.

Na sheria haikubali utaratibu huo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa habari za afya yake na matibabu yake, na iwezekanapo amweleze kwa lugha anayoielewa, kwa njia inayofaa kiwango chake cha kusoma. Kwa hiyo, ndugu, mgonjwa wa Kiandutu au wa Makongeni anapodai aelezwe mpaka aelewe, haombi fadhili. Anadai kitu alichopewa na sheria.

Lakini sheria haifundishi namna ya kufundisha. Hilo ndilo tulilokuja kulizungumza.

SINEMA YA ZAMANI

Jambo la kufundisha afya kwa picha si geni katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, milima ya Usambara, Tanganyika. Moja ilikuwa juu ya minyoo ya safura. Walizipakia juu ya lori, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na hata nchi za kusini. Maneno yaliwekwa katika sahani za santuri, ili kila mahali sinema isemwe kwa lugha ya wenyeji. Mwaona basi kwamba kuunganisha picha, sauti na lugha ya watu lilijaribiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini sinema ile ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ilisema, watu wakatazama. Hakuna aliyeweza kuisimamisha aulize, "Je, mimi nisiye na choo nifanye nini?" Aliyeielewa vibaya alirudi nyumbani nayo vivyo hivyo, kama mwenzetu na bahasha yake. Na waliotengeneza ndio waliochagua mafunzo, si waliofundishwa.

Leo kuna televisheni katika vyumba vingi vya kungojea, na simu ina picha zinazokwenda. Lakini ikiwa televisheni yasema na mgonjwa anatazama tu, hatujapita mbali na lori la Vugiri. Jambo jipya ni hili: mgonjwa ajibu, akosee, aonyeshwe kosa lake, ajaribu tena, na yote haya kabla hajatoka nje ya lango la hospitali. Kitu kinachomfanya mtu ajibu na kukosea bila aibu, tangu zamani, ni mchezo.

JE, MTU MZIMA ACHEZESHWE?

Mzee mmoja alituuliza swali hili kwa uchungu. Alisema, "Mimi nina wajukuu. Nikilazwa, mtaniletea mchezo wa watoto?"

Mzee wetu, twakuheshimu, lakini twakukumbusha jambo moja. Kila Jumapili chini ya mti hapa Kiganjo watu wazima hucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mtu akiliwa kwa sababu ya kusogeza vibaya, Ijumaa bado anaeleza kosa lile. Hakuna aliyemwandikia, hakuna aliyemhubiria. Alikumbuka kwa sababu alikosea mwenyewe, mbele ya wenzake, na kosa halikumwua. Ndiyo faida ya mchezo. Ni heri kukosea juu ya kipande cha boksi kuliko kukosea jikoni usiku wa manane.

Na jambo hili limepimwa na wataalamu. Huko Marekani kulitengenezwa mchezo wa kompyuta uitwao Re-Mission kwa ajili ya vijana wenye saratani. Ndani ya mchezo ule mchezaji anaingia mwilini na kupigana na seli za ugonjwa kwa dawa zile zile anazopewa hospitalini. Akiacha dawa, ugonjwa unamshinda mbele ya macho yake. Wagonjwa 375 wa umri wa miaka 13 hadi 29, katika hospitali 34 za Marekani, Canada na Australia, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa mchezo huu, wengine mchezo wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliocheza Re-Mission walifuata dawa zao vizuri zaidi, wakaujua ugonjwa wao zaidi. Hatusemi kwamba lililowafaa vijana wa huko litamfaa kila mzee wa hapa. Twasema kwamba mchezo si upuuzi.

YALIYOFANYWA KWETU

Msidhani kwamba hekima yote hutoka ng'ambo. Hapa Kenya, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza nguvu za virusi vya Ukimwi waliandikishwa katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Nusu yao hivi walitumiwa ujumbe mmoja wa simu kila wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48: "Sawa", au "Shida". Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Kati ya waliopata ujumbe, 62 katika kila mia walifuata dawa sawasawa. Kati ya wasioupata, 50 katika kila mia.

Tafakarini jambo hili, ndugu. Hapakuwa na simu ya bei kubwa wala picha. Palikuwa na swali, jibu, na mtu wa kweli nyuma ya swali. Tena neno "Mambo?" halikutaja ugonjwa. Hata simu ikishikwa na mtoto, au na msimamizi wa kazi, hakuna siri iliyotoka. Waliobuni neno lile walijua maisha yetu.

Karibu zaidi na hapa, katika kaunti yetu ya Kiambu, akina mama waliojifungua katika hospitali moja ya binafsi walifuatwa siku tatu baada ya kujifungua. Mhudumu wa afya wa kijiji aliwapigia simu au aliwatembelea nyumbani, akiwa na orodha ya maswali: mtoto ananyonya? ana joto? wewe mama unatokwa damu nyingi? Habari yake ilichapishwa mwaka 2016. Hesabu ya akina mama haikuwa kubwa, lakini ilionyesha kwamba waliofuatwa walitambua zaidi matatizo ya watoto wao na kutafuta matibabu. Ni jambo gani lililowasaidia? Waliulizwa maswali siku ya tatu, wakati hofu ya hospitali imekwisha na matatizo ya nyumbani yameanza.

Siku hizi shirika la Jacaranda Health lina huduma ya ujumbe wa simu iitwayo PROMPTS, ambayo mama huipata bure tangu mimba hata baada ya kuzaa. Mama aweza kuuliza kwa maneno yake mwenyewe. Mashine husaidia kuyapanga maswali, na yale ya hatari hupelekwa kwa watu. Simu yo yote yafaa, hata ile ndogo ya vitufe tuiitayo mulika mwizi. Kadhalika, tangu mwaka 2023 serikali imewapa kazi wahamasishaji wa afya wa kijiji wapatao laki moja nchini kote, wenye mkoba wa vifaa na simu. Hao ni majirani zetu. Mgonjwa akirudi nyumbani, mtu wa kwanza kupata habari angekuwa yeye.

MASHINE NA NESI

Sasa tuseme jambo ambalo chama lazima kilitazame kwa macho mawili. Je, picha na michezo vitakuja kuchukua kazi ya nesi?

Huko Boston, Marekani, hospitali moja kubwa ilipanga upya namna ya kumtoa mgonjwa. Kila mgonjwa alipewa nesi maalum wa kumwandaa, kijitabu chake mwenyewe chenye orodha ya dawa na tarehe za kurudi, na baada ya siku chache mtaalamu wa dawa alimpigia simu nyumbani. Wagonjwa 749 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Waliopata utaratibu mpya walirudi hospitali, wodini au kwenye chumba cha dharura, kwa hesabu iliyopungua karibu 30 katika kila mia.

Kisha wataalamu wakatengeneza nesi wa kuchorwa ndani ya kompyuta, wakamwita Louise. Alisogezwa kitandani kwa gurudumu, akamweleza mgonjwa kijitabu ukurasa kwa ukurasa, na kila mara akamwuliza maswali kupima kama ameelewa. Wagonjwa wengi walimpenda. Walisema hana haraka. Mtu aweza kumwuliza jambo moja mara tano bila kuona haya.

Wenye fedha wakisikia habari hii watasema, "Vizuri, tupunguze manesi." Sisi twasoma kinyume. Wagonjwa walichokipenda kwa Louise ni nafasi aliyowapa. Nesi wetu naye angekuwa nayo kama wodi ingekuwa na manesi wa kutosha. Tena Louise alipoona mgonjwa hajaelewa, alimwarifu nesi wa kweli aje. Basi mashine ni msaidizi wa kurudia maneno. Kazi ya kuamua, kugusa, kufariji na kujibu lile lisiloandikwa ni ya mtu. Chama kitaunga mkono mchezo na picha kwa sharti hili: visiwe sababu ya kuondoa hata nesi mmoja.

MCHEZO WETU

Kamati yenu haikutaka kuja na maneno matupu. Tulikaa jioni kadhaa, tukiwa na nesi mmoja mstaafu ambaye ni mke wa mwanachama, tukatengeneza kitu kwa maboksi ya dukani. Mwaliona pale mezani. Tutaeleza jinsi kinavyochezwa.

Sehemu ya kwanza ni ubao wa siku. Umechorwa jua linalochomoza, jua la utosini, jua linalotua, na mwezi. Mgonjwa hupewa bahasha zake mwenyewe na vifuniko vya soda badala ya vidonge, rangi moja kwa kila dawa. Kisha aambiwa: "Tuonyeshe siku yako ya kesho." Asiseme, aonyeshe. Aweke vifuniko mahali pake. Mwenzetu wa sukari angeweka vitatu juu ya jua la asubuhi, na nesi angeona kosa mara moja, bila kumwuliza kama ameelewa. Jumapili iliyopita tuliijaribu sehemu hii sisi wenyewe kwa bahasha tupu zilizoandikwa 1x3 na 2x2. Tulikuwa wanne, sote twajua kusoma. Tulitoa majibu matatu mbali mbali. Hapo kicheko cha kamati kilikwisha.

Sehemu ya pili ni nyoka na ngazi. Ukikanyaga ngazi umesoma jambo jema: umekunywa dawa pamoja na chakula, umeosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, umerudi kliniki siku yake. Ukikanyaga nyoka: umeacha dawa kwa sababu umepata nafuu, umempa jirani nusu ya vidonge vyako, umerudi kubeba magunia kabla mshono haujapona. Watu wa nyumbani wacheze pamoja na mgonjwa. Tumeona kwamba ndio watakaompikia na kumkumbusha. Huko India shirika liitwalo Noora Health linafanya kazi kubwa juu ya jambo hili: kuwafundisha jamaa wodini, kwa picha na kwa kufanya kwa mikono, kabla mgonjwa hajatoka.

Sehemu ya tatu ni karata za hatari. Kila karata yasema jambo moja: kidonda kinanuka, mtoto mchanga hataki kunyonya, mguu mmoja umevimba, unatetemeka na kutoka jasho. Mchezaji huiweka karata katika moja ya nafasi tatu: ngoja hadi tarehe ya kliniki, piga simu leo, au nenda hospitali sasa hivi. Watu wakibishana, vizuri. Nesi ndiye mwamuzi. Mabishano yenyewe ndiyo mafunzo.

Vijana wa tawi wamesema wataweza kuyapiga picha yote haya na kuyaweka katika simu, kwa sauti ya Kiswahili, Kikuyu na Kikamba. Twawashukuru. Lakini boksi libaki, maana boksi halihitaji stima.

MAONYO MATATU

Onyo la kwanza ni juu ya saa. Simu huonyesha 8:00 asubuhi, nasi twasema saa mbili. Mtu aliyetafsiri kwa haraka huandika "meza dawa saa 8", na mgonjwa akameza saa nane mchana. Mwingine huandika "saa 2" akiwa na maana ya alasiri, mgonjwa akaelewa asubuhi. Kwa hiyo ubao wetu una picha za jua na mwezi, hauna tarakimu za saa. Ye yote atakayeleta programu ya simu kutoka ng'ambo aulizwe kwanza jambo hili.

Onyo la pili ni juu ya siri. Habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la zile za kulindwa zaidi. Mwajiri akisema, "Nitalipia simu na programu kwa wafanya kazi wangu wote," mshukuruni, kisha mwulizeni ni nani atakayesoma majibu. Ujumbe unaosema "Usisahau dawa yako ya kifua kikuu" ukisomwa na msimamizi, kesho mtu hana kazi. Kumbukeni neno "Mambo?".

Onyo la tatu: mchezo usiwe kisingizio cha kukosa dawa. Mgonjwa aliyefundishwa vizuri, akafika dirishani akaambiwa dawa hakuna, hajasaidiwa. Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka na mahali pake pamekuja SHA. Makato yetu yanakwenda huko kila mwezi. Tutaendelea kuuliza makato hayo yananunua nini.

TUNAYOWAOMBA MPITISHE LEO

Ndugu Mwenyekiti, kamati yaomba mkutano ukubali mambo manne.

1. Kwamba tawi liandike barua kwa hospitali za sehemu hii, Thika na Ruiru, kuomba ubao na karata zijaribiwe katika wodi moja, wakati wa asubuhi wa siku iliyo kabla ya mgonjwa kutoka, si jioni ya kutoka. Nesi wa wodi ndiye aseme kama yafaa au hayafai, na maneno yote ya dawa yasomwe na mtaalamu wa dawa kwanza.

2. Kwamba katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja tudai nusu siku yenye malipo kwa mfanya kazi anayekwenda kumchukua mke, mume, mzazi au mtoto hospitalini, ili afundishwe pamoja naye. Nusu siku ni ndogo kuliko wiki mbili za kulazwa tena.

3. Kwamba kila mjumbe wa kazini awe na nakala moja ya ubao, na mwanachama akitoka hospitali atembelewe siku ya tatu. Mjumbe asimwulize ugonjwa wake. Amwulize tu: "Mambo?" Jibu likiwa shida, atafute mhamasishaji wa afya wa mtaa.

4. Kwamba kila mwanachama atunze karatasi yake ya kutoka hospitali. Siku za ugonjwa zenye malipo hutaka cheti cha daktari. Na aliyeumia kazini ajue kwamba Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri gharama za matibabu. Karatasi iliyopotea ni haki iliyopotea.

MWISHO

Mwenzetu wa sukari yuko hapa leo, ameketi katikati yenu, nasi tulimwomba ruhusa kabla ya kusema. Alituambia jambo moja ambalo twataka mwende nalo. Alisema kwamba alipojibu "Ndiyo, nimeelewa," hakuwa akisema uongo. Alidhani ameelewa kweli. Ndiyo sababu swali lile halifai. Mtu asiulizwe kama ameelewa; apewe vifuniko vya soda, aonyeshe.

Vifuniko tunavyo. Vimejaa chini ya mti wa drafti. Maboksi tunayo, kila duka la Kiganjo linayatupa. Kinachotakiwa ni nusu saa ya mgonjwa, nusu siku ya jamaa yake, na chama kisichoona haya kuyadai yote mawili mezani pa mwajiri.

Boksi liko mezani. Anayetaka kujaribu bahasha ya 1x3 asogee mbele. Umoja ni nguvu.